Kununua vitu Tijuana: kwa gari au kwa miguu?

Kwa anayekaa San Diego, Marekani, kwenda Tijuana, mji wa Meksiko ulio ng'ambo tu ya mpaka, si tatizo. Shughuli iko kwenye kurudi.

Ukiwa na gari unabeba upendavyo. Pale soko la Mercado Hidalgo kuna maharage ya kupima, pilipili kavu za kila rangi, na jibini ambayo muuzaji hukukatia kipande uonje hata kabla hujauliza bei. Lakini bima ya gari ya Marekani kwa kawaida haitambuliki Meksiko, kwa hiyo kata bima ya huko kwanza. Halafu ujiandae na foleni ya kurudi kwenye kivuko cha mpaka cha San Ysidro, ambayo wikendi hula saa nzima na zaidi, labda uwe na kadi ya SENTRI, ya wasafiri waliokwisha kuchunguzwa, wanaopita njia yao ya haraka.

Kwa miguu mzigo ni ule unaouweza mkononi, basi. Ila kama safari yenyewe ni ya duka la dawa, kinyozi au daktari wa meno, gari la nini? Liache upande wa Marekani, vuka, chukua teksi.

Vyovyote uendavyo, kuku mbichi, nyama mbichi ya nguruwe na mayai mabichi viache hukohuko. Chakula kingine chote kitaje forodhani. Faini ya kuficha inaweza kuzidi bei ya kapu zima.