Msaada wa kisheria kwa baba mtalaka hapa Dodoma
Wababa mlioachana na mama watoto wenu, kituo cha wasaidizi wa kisheria nilikoenda hapa mjini nakipa nyota nne, bure kabisa na wanakusikiliza mpaka mwisho. Mimi hela ya matunzo natuma ila kumuona mwanangu nanyimwa, dada msaidizi aliyenihudumia akanifungulia Sheria ya Mtoto ya 2009, kumbe mzazi unaweza kuomba Mahakama ya Watoto ikupangie utaratibu wa kumuona mtoto, na kiwango cha matunzo hakipangwi kwa hasira za mtu, korti inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine unaowatunza, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Akanisisitiza hata ukizuiwa kumuona usikate hela, mtoto atakula nini? Hapo alinigusa sana. Mtoto wa chini ya miaka 7, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwanza kwamba ni vizuri akae na mama, ila unaweza kupinga ukiwa na sababu za msingi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu kachumba ka kuongelea hakana mlango, mambo ya ndoa yako yanasikika hadi kwenye benchi, jamani wawekeni hata pazia. Ukienda beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na meseji za miamala yako.