Retrofit kwenye mtandao wa kubahatisha

Natengeneza programu ya Android ya muuzaji wa jumla hapa Arua, Uganda. Wanaoitumia ni wenye maduka wa Koboko, Yumbe na vijiji vya kando; wanaagiza sukari, sabuni na mafuta kwa simu za bei nafuu, na huko mtandao huja na kuondoka upendavyo. Kazi ya kuzungumza na seva nimeiachia Retrofit, maktaba ya bure (msimbo uliokwisha kuandikwa) kutoka kampuni ya Square, ambayo chini yake inabebwa na OkHttp, maktaba nyingine inayotuma na kupokea maombi ya mtandao.

Kuianza ni rahisi. Unaandika kiolesura (interface ya msimbo, si skrini), unaweka @POST, yaani alama ya kutuma data, na njia ya seva, unaongeza kigeuzi kama Moshi au Gson, na JSON, yaani maandishi ya data yanayotoka kwenye seva, inakufikia ikiwa imeshageuzwa kuwa data ya Kotlin, lugha ninayoandikia programu.

Kilichonifanya nibaki nayo ni jinsi inavyotenganisha kukataliwa na kutofika. Ukitumia Call, aina ya Retrofit inayowakilisha ombi moja, seva ikijibu 404 (hakipatikani) au hata 500 (seva yenyewe imekosea), jibu hilo bado linaingia onResponse, sehemu ya msimbo inayopokea majibu. Sehemu ya onFailure ni ya mawasiliano yaliyokatika au jibu lisilosomeka. Wanaoanza hulalamika kwamba "kosa limeingia mlango wa mafanikio". Mimi nalipenda hilo. Mama wa duka akibonyeza "Tuma oda", namwambia "Sukari imeisha ghalani" au "Hakuna mtandao, jaribu baadaye", si lile "Kuna hitilafu" ambalo halijawahi kumsaidia mtu.

Panapohitaji kichwa ni muda wa kusubiri. Usipogusa kitu, OkHttp hungoja sekunde 10 kuunganishwa na 10 nyingine kusoma. Kampala zinatosha, mimi nimeweka 30. Hata hivyo muda ukiisha hujui kama oda ilifika: pengine seva imeshaipokea, jibu ndilo limepotelea njiani. Hapo Retrofit haikuamulii. Kwa hiyo kila oda yangu inatoka na UUID, yaani namba ya utambulisho isiyojirudia, iliyotengenezwa kwenye simu yenyewe, na mama akibonyeza mara ya pili seva inaona ni ileile, haandikiwi magunia mara mbili.

HttpLoggingInterceptor ya OkHttp, inayoandika kila ombi na jibu kwenye logi (kumbukumbu za programu), nayo ni tamu wakati wa kutafuta kosa, ila kiwango chake cha BODY kinamwaga kila kitu humo, nywila zikiwemo. Kizime kabla ya kuwapa watu programu.

Anayejenga kwa Flutter, zana ya Google ya kujenga programu kwa lugha ya Dart, au anayetaka msimbo mmoja uende na iPhone, atafute kingine. Hii ni ya Java na Kotlin.