Kituo cha kuchangia damu nilichoenda mara mbili: sindano safi, ila viti vya kupumzikia havina mwenyewe

Naanza na nyota kabisa, nawapa tatu kati ya tano. Sitaji jina la kituo maana wale watu wanafanya kazi kubwa na walinihudumia vizuri nilipoanguka, ila sikupaswa kuanguka na hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Mara ya kwanza nilienda peke yangu, sijawahi kuchangia maishani. Mapokezi mazuri, fomu ndefu lakini inaeleweka, nikapimwa uzito kilo 52, nikatobolewa kidole kupima wingi wa damu ikaja 12.9, presha iko sawa. Nikaulizwa nimekula saa ngapi nikasema asubuhi saa moja, na hapo ni saa nane mchana, na kwamba usiku nimelala masaa manne tu nikasema pia. Nesi akaandika yote. Sindano ile ni nene sio kama ya chanjo, lakini yule dada ana mkono mwepesi, mara moja tu kashapata mshipa, mililita 450 zimejaa ndani ya dakika nane huku tunapiga stori. Hapo kwakweli hongera zao.

Sasa baada ya hapo ndo tatizo. Nikaambiwa "umemaliza, kapumzike pale unywe juisi", pale penyewe ni viti vinne vya plastiki kwenye korido na hakuna mhudumu hata mmoja anayeangalia nani kakaa na nani kaondoka. Nilikaa kama dakika tatu, nikajisikia mzima, nikainuka kwenda chooni. Huko ndo nikaanza kupiga miayo mfululizo, sauti za watu zikawa zinatoka mbali kama nimezibwa masikio, jasho jembamba shingoni, midomo ya baridi. Nakumbuka nimeshika sinki. Kilichofuata nimelala sakafuni, juu ya jicho nimepasuka, na mama mmoja anapiga kelele huyu binti ana kifafa kwa sababu mikono ilikuwa inarukaruka.

Sina kifafa. Na hapa nesi aliyekuja nampa nyota tano peke yake. Hakuniinua, alinilaza hapohapo chali, miguu akaipandisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalegeza mkanda, akakataa watu wasininyweshe chochote mpaka niwe naongea vizuri. Akapima mapigo ya moyo yakawa 46 akasema umeona, yako chini. Akanieleza kuwa ingekuwa nimepungukiwa damu kweli moyo ungekuwa unakimbia, ila hii ni mishipa ya fahamu imeuambia moyo upunguze mwendo na mishipa ya damu itanuke, kwahiyo damu inashuka miguuni na ubongo unakosa kwa sekunde chache, ndo maana mtu anazimia na wengine wanarukaruka kidogo. Ukilala inarudi yenyewe. Akasema na chooni ndo pabaya zaidi maana umesimama au umetoka kujikamua na mlango umefungwa.

Nilishukuru sana lakini nikamuuliza swali ambalo hakuwa na jibu. Mchangiaji wa mara ya kwanza, mdogo kiumri, mwanamke, uzito kidogo, kakosa usingizi, kala zamani, hao ndo wanaozimia kuliko wengine na wao wenyewe wanalijua hilo, na kwenye fomu yangu yalikuwepo yote sita. Mbona hakuna aliyeniambia usiinuke kwanza? Kuzimia kwenye kitanda cha kuchangia sio kesi, kuna watu hapo. Wanaoumia ni sisi tunaozimia baadaye, wengine wameshafika barabarani au kwenye ngazi, wengine hata masaa kadhaa yamepita. Nilishonwa nyuzi tatu, hawakunitoza, ila kovu ninalo.

Miezi minne baadae nikarudi. Ndugu zangu walinishangaa, lakini mimi nimeshaona mtu anasubiri damu akitoka kujifungua na siwezi kuacha kwa sababu ya korido mbaya. Nikawaambia mlangoni tu kwamba mimi nilizimia, na safari hii mambo yalikuwa tofauti kabisa, mpaka nikajiuliza kwanini isiwe hivi kwa kila mtu. Nikanyweshwa maji karibu nusu lita robo saa kabla ya sindano, nikawekwa kitanda cha kulala, nikafundishwa kukunja miguu msalaba na kukaza mapaja na makalio kwa sekunde tano, naachia, nakaza tena, kazi yake ni kusukuma damu irudi juu. Halafu nikaambiwa siinuki mpaka dakika 20 ziishe na nianze kwa kukaa kwanza. Sikusikia hata kizunguzungu!

Ila safari hii sindano ndo haikwenda vizuri. Alikuwa kijana anajifunza, ikatoboa mshipa ikapitiliza upande wa pili, nikaona pembeni panavimba kama yai dogo. Simlaumu maana alisema hapohapo "samahani dada inavilia", akachomoa, akabonyeza. Mkubwa wake akampa pole na mimi pia, wakanihamishia mkono mwingine baada ya kuniuliza kama nataka, nikakubali. Kosa ni kwamba aliniambia nikunje kiwiko na pamba katikati kama tulivyozoea wote, na mkubwa wake ndo akamrekebisha kuwa mkono unanyooshwa unainuliwa juu na unabonyezwa kwa vidole, ukikunja damu inazidi kuvuja chini ya ngozi. Ilinibakia alama ya upana wa kiganja, ya bluu, ikaja kijani, ikaja njano, wiki mbili. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa siku ya kwanza ilinisaidia, na sikubeba ndoo kwa mkono ule.

Usiku nilipiga namba iliyo nyuma ya kadi, ikapokelewa, nikaulizwa vizuri tu kama vidole vina ganzi, vina baridi, au maumivu yanapiga kama shoti ya umeme kushuka mkononi, maana hiyo ni neva imeguswa, na uvimbe unaoendelea kukua nao unatakiwa kuonwa na daktari haraka. Nikasema hapana. Sasa maswali mazuri hivi kwanini nisiambiwe kabla sijatoka mlangoni? Kuna mtu hatapiga simu, ataona ni kawaida.

Kingine ambacho hawakigusi kabisa ni madini ya chuma. Kila ukichangia unaondoka bila miligramu 200 mpaka 250 hivi, maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili lakini akiba ya chuma inachukua miezi, na sisi tunaopata hedhi ndo hatari zaidi. Unaweza kupimwa kidole ukapita huku akiba imeisha, unabaki na uchovu usioelewa umetoka wapi. Nimeuliza, wakasema ongea na daktari wako. Wangeandika hata mstari mmoja kwenye kadi.

Msiogope kwenda jamani, watu wengi wanamaliza bila shida yoyote zaidi ya ule mchomo. Nilichowaandikia kwenye boksi la maoni ni kimoja tu, pale kwenye viti vinne akae mhudumu, na awe na fomu zetu mkononi. Mwezi ujao narudi, nimeshapiga simu nimewaambia nataka kitanda cha kulala na mkono wa kulia.