Msimu wa kwanza wa mwanangu katika kituo cha soka Dodoma: tathmini ya mzazi

Mwanangu ana miaka tisa, na kiangazi hiki, kuanzia Juni hadi Oktoba, amecheza kwa mara ya kwanza katika timu yenye mwalimu, kwenye kituo kimoja cha soka cha watoto hapa Dodoma. Naandika kwa ajili ya wazazi wanaofikiria kuwaandikisha watoto wao, kwa kuwa nilipokuwa natafuta kituo, kila niliyemuuliza alinitajia ada na rangi ya jezi, wala hakuna aliyenieleza mtoto anafundishwaje. Ada yetu ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, mazoezi mara mbili kwa wiki kuanzia saa kumi jioni, na mechi Jumamosi.

Kilichonivutia mwanzoni ni mpira wenyewe. Mtaani kwetu watoto wote, wa darasa la pili na wa darasa la saba, huchezea mpira namba 5, ambao mzingo wake ni sentimita 68 hadi 70 na uzito wake gramu 410 hadi 450. Kituoni walipewa namba 4, ulio mdogo na mwepesi zaidi, uwanja ukakatwa nusu kwa koni, na kila upande ukawa na wachezaji saba. Sheria za soka zinaruhusu mashindano ya watoto kupunguza uwanja, mpira na muda, na hata mchezaji aliyetolewa kurudi tena uwanjani. Mwalimu aliitumia ruhusa hiyo vizuri: watoto waliingia na kutoka kwa zamu, na mwanangu, ambaye mtaani husubiri wakubwa wachoke ndipo aguse mpira, alirudi nyumbani kila Jumamosi akiwa amecheza.

Katika mechi ya tatu aliwekwa golini. Bao la nne lilipita katikati ya miguu yake, akageuka, akaikumbatia nguzo ya goli, na kutoka pembeni niliona mabega yake yakitikisika. Mwalimu hakumtoa. Alisubiri mapumziko, akamfuata hadi golini, akachuchumaa na kumfunga kamba ya kiatu iliyolegea, kisha akamuuliza, "Aliyekufunga alipiga kwa mguu gani?" Mtoto akafikiri, akafuta pua kwa mkono wa jezi, akajibu, "Wa kushoto, mwalimu." "Basi ulimwona. Mabeki wako hawakumwona." Tulifungwa sita kwa moja, na njia nzima hadi nyumbani alinisimulia habari za ule mguu wa kushoto. Kwa dakika ile moja, ada yangu ya mwezi ilikuwa imelipa.

Kuhusu viatu, kituo kinapaswa kutoa ushauri siku ya kuandikisha. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na njumu za meno marefu nilizomnunulia mtumbani Sabasaba zilimuumiza visigino ndani ya wiki mbili. Ndipo tukaambiwa tutafute zenye meno mafupi na mengi. Maji nayo hayakutosha. Mechi moja ya Oktoba ilisogezwa hadi saa saba mchana, taarifa ikatufikia usiku wa kuamkia siku hiyo, na watoto wote wakategemea dumu moja mahali pasipo hata mti wa kivuli. Nililalamika, nikaahidiwa kuwa litafanyiwa kazi, na Jumamosi iliyofuata dumu lilikuwa lilelile moja.

Lililoniuma zaidi lilitokea kwenye nusu fainali. Utaratibu wa zamu uliofuatwa msimu mzima uliachwa siku hiyo, na watoto watatu, mwanangu akiwa mmojawapo, walikaa benchi tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho wakiwa wamevaa kila kitu, hadi kinga za ugoko. Tulishinda, lakini yeye hakushangilia. Nilizungumza na mwalimu faragha, naye hakujitetea. Alikiri kwamba alitaka kombe, na katika fainali wote watatu waliingia kipindi cha kwanza, tukafungwa.

Nimemwandikisha tena. Safari hii nimeomba utaratibu wa zamu uandikwe kwenye fomu, uhusu na mechi za mtoano, na wazazi wengine wanne wameomba hivyohivyo.