Fundi alizungumza na mwanangu, mimi hakunitazama

Kwadi kuukuu, hizi pikipiki za matairi manne, usinunue. Anayejiuliza anunue au asinunue, akitaka jibu la haraka, aishie hapo. Mwenye nafasi akae nimweleze, maana nina jambo limenikaa kooni mwaka wa pili huu halijashuka.

Mie nalima mwani, Jambiani, hapa Unguja. Anayeijua kazi hii anaujua mzigo wake. Bamvua, zile siku za maji kupwa sana, likiingia na maji yakatoka mbali, tunashuka, tunavuna, na mwani mbichi kichwani unakuelemea mpaka shingo inazama mabegani. Kukodi gari la ng'ombe kila bamvua ni pesa, na ng'ombe naye ana siku zake. Basi niliposikia kuna kwadi zinauzwa, hizi wanazopandishwa watalii mpaka zichoke, nikavunja kibubu. Milioni mbili na laki tatu. Wifi zangu walicheka. Mume wangu hakucheka, alinyamaza, na hilo ndilo baya zaidi.

Ukubwa wa injini na mengine hayo sitayaeleza, yametapakaa kila mahali. Ni ya Mjapani, ina umri kumshinda mwanangu wa mwisho, haina mkono wa klachi, gia unakanyaga tu. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Magunia nyuma, magunia mbele, mie nimekaa katikati kama bibi harusi. Wenzangu walishaanza kuniita Bi Kwadi.

Ikaja masika. Nikaiweka uani, nikaifunika turubai, nikaisahau. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na ndilo pekee nitakalolikubali leo. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa ya injini, haibaki petroli. Inageuka kama ulimbo na kuziba vitundu. Mvua zimekatika, napiga stata: inawaka. Nikiachia gesi, inazima. Inawaka, inazima. Ilitaka ushikilie gesi muda wote kama unavyomshika mtoto anayejifunza kwenda.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayetengeneza kwadi za watalii. Jina lake simtaji, na kwake sipataji. Tukaipakia juu ya gari la ng'ombe, mimi na mwanangu wa miaka 14. Naam, kwadi juu ya gari la ng'ombe. Mtaa mzima ulitoka nje kutazama.

Kijana yule ukimkadiria ni rika la mdogo wangu wa mwisho. Shikamoo hakunipa. Nikasema labda hajaniona, nikamwanza mie: hujambo mwanangu? Akamgeukia mwanangu.

"Ina tatizo gani hii?"

Mtoto akanitazama. Nikajibu mimi: haikai sailensi, ukiachia gesi inazima. Akamuuliza mtoto imekaa muda gani bila kuwashwa. Nikajibu mimi. Akamuuliza mtoto petroli tunanunua wapi. Nikajibu mimi. Ikawa kama nimekuja na mkalimani, na sote watatu tunazungumza Kiswahili!

Halafu akacheka, akamwambia mtoto: "Mwambie mama, chombo hiki si cha kubebea mwani. Chumvi itakimaliza."

Mwambie mama. Nami nimesimama hapo hapo, akinyoosha mkono ananigusa.

Akafungua kabureta. Nilimwona kwa macho yangu haya akitoa jeti, kile kishaba kidogo chenye kitundu ambacho petroli hupitia injini ikiwa haijavutwa gesi. Akang'oa uzi mmoja kwenye brashi ya chuma, akauingiza, akausokota, akachungulia juani, akausokota tena. Nikamuuliza: hiyo si itatanuka? Akamwambia mtoto: "Mpe ile bisibisi."

Elfu sitini. Hiyo alinitazama mimi kuidai.

Haya, kuwaka iliwaka, siwezi kusema haikuwaka. Ila ilianza kunywa. Petroli iliyokuwa ikinipeleka bamvua zima ikawa haifiki nusu yake. Moshi mweusi. Plagi ukiitoa ni nyeusi kama chungu cha kuni. Nikawa navuna mwani ili ninunue petroli ya kwenda kuvuna mwani, na bei ya mwani kila anayelima anaijua.

Nilimaliza kama miezi miwili hivi namna hiyo, nikashika njia mpaka Mwanakwerekwe kwa mzee mmoja fundi wa vespa, nimebeba kabureta kwenye mfuko wa plastiki. Mzee yule alinipa kigoda kabla ya kuuliza nimeleta nini. Akaniambia, "Mwanangu, kaa kwanza, jua kali." Nusura nilie. Akaishika jeti kwenye mwanga, akaniwekea na nyingine pembeni, akaniachia nitazame mwenyewe. Kitundu cha ile yangu kilikuwa si duara tena, kimekuwa kama yai. Akasema vitundu hivi hutofautiana kwa sehemu za milimita, na chuma ni kigumu kuliko shaba, kikiingia kinakula. Jeti huloweshwa kwa dawa ya kabureta na kupigwa upepo wa kompresa. Ikikataa kabisa, unachomoa uzi mmoja wa waya wa umeme, ule laini, unapitisha kwa adabu. Neno lake hilo, kwa adabu.

Jeti mpya ilivuka na boti kutoka Dar, na mara ya kwanza ilikuja isiyo yake, maana namba imechongwa kwenye kile kishaba na ni ndogo kama chawa. Ya pili ikafaa. Mzee akanifundisha na la kufanya nikitaka kuiweka: nifunge koki ya petroli, nilegeze skrubu ya chini ya kabureta, imwagike yote mpaka pakauke. Dakika tano. Dakika tano hizo zingeniokolea kila kitu.

(Na la matairi niliseme hapa kabla sijasahau. Mtoto wa pancha barabarani alinijazia pauni 30 kama anajaza gari. Ikawa inadunda kama mpira, gunia zima likabaki njiani. Tairi la kwadi ni pauni 4, 5 hivi, liwe linabonyea.)

Sasa hapa nashusha sauti kidogo. Ilipofika zamu ya kubadilisha oili, shemeji alikuwa na galoni la oili ya gari limebaki, nzuri, ya bei. Nikatia. Siku chache baadaye nina mzigo kamili, navuta gesi, injini inanguruma, magurudumu yamelala. Klachi inateleza. Nilimlaani yule kijana wiki mbili. Nilimlaani kwa majirani, nilimlaani ufukweni, nilimlaani mpaka mume wangu akaniomba nipumzike.

Jioni moja mwanangu ananiambia, bila hata kuinua kichwa kwenye sahani: "Mama, si yule fundi alisema oili ya gari tusitie? Kwadi hii klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, oili ya gari inailainisha mno. Alisema tutafute ya pikipiki, chupa iandikwe JASO MA."

"Alisema lini?"

"Ulipokuwa unatafuta pesa kwenye mkoba."

Makosa ni mawili, basi. Nimesema.

Na usiku ule nilikuwa karibu kabisa na kumsamehe. Kijana alijua kazi yake, nikasema, ile ya waya ilikuwa haraka tu, wateja wengi, jua. Kisha nikakumbuka: Mama, oili ya gari usitie. Maneno matano, nimeyahesabu kwa vidole. Angegeuza shingo akaniambia mimi mwenye chombo, mimi ninayetia oili, nisingemwaga oili mara mbili wala nisingekodi ng'ombe bamvua zima klachi ikisubiri. Aliweka onyo la maana kuliko yote kwa mtoto aliyekuwa akiwaza mpira. Simsamehi ng'o.

Ila la chumvi alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Kila nikitoka ufukweni naimwagia ndoo mbili za maji baridi yasiyo na chumvi, napaka grisi, nafuta vichwa vya betri vinavyoota ukungu wa kijani, na bado. Hivi ninavyoandika iko juu ya matofali uani, gurudumu la nyuma kushoto limetoka. Beringi ukiizungusha kwa kidole inakoroma kama imejaa mchanga, na kweli imejaa mchanga. Nyingine iko njiani. Nitaitia mwenyewe, mzee ameshanionyesha, na spana ninazo.

Kwa hiyo usinunue. Nasimama pale pale. Juzi alikuja mtu kutoka Paje, akaizunguka, akapiga teke tairi, akanipa milioni mbili taslimu. Nikamwambia haiuzwi. Akapanda mpaka mbili na nusu, na tangu alipoingia uani mpaka hapo alikuwa akizungumza na mimi. Nikamwambia arudi bamvua likipita.