Kengele ya geti: litazame geti lako kabla ya kusoma boksi

Shangazi yangu alitoka Muheza na basi la asubuhi, akafika kwangu saa tisa mchana na kiroba cha machungwa. Simu ilikuwa imemzimikia njiani. Akabonyeza kengele ya geti, taa ndogo ya buluu ikawaka, naye akajua tumesikia. Akangoja. Akabonyeza tena. Hodi zake zote zikamezwa na mbwa wa jirani. Alisimama juani dakika 40, hadi kijana wa duka la mbele alipokuja kutugongea geti kwa jiwe. Muda wote huo nilikuwa jikoni, hatua kama 20 kutoka pale aliposimama, na kengele niliyoinunua wiki mbili kabla kwa shilingi 35,000 ilikuwa kwenye soketi, kimya.

Boksi lake limeandikwa mita 300.

Nilipokisimulia kisa hiki, wasomaji waliniandikia yaleyale kutoka Arusha, Mwanza na Mombasa: kengele inalia vizuri ikijaribiwa dukani, inalia sebuleni, ikifungwa getini inakufa. Kwa hiyo leo sitazungumzia idadi ya milio, rangi wala ukubwa wa sauti. Hayo muuzaji atakuambia hata usipomuuliza. Nataka tuzungumzie geti.

Kengele isiyo na waya ina vipande viwili: kitufe cha nje chenye betri, na kengele yenyewe inayochomekwa ndani. Ukibonyeza, kitufe kinarusha mawimbi ya redio, mara nyingi kwenye masafa ya megahezi 433, na ile ya ndani ikiyatambua inalia. Antena inayoyarusha ni kijiwaya kifupi, au mstari wa shaba tu kwenye kibao cha ndani, milimita chache kutoka mgongo wa kitufe. Sasa ubandike mgongo huo kwenye bati la geti. Chuma kinaivuruga antena isirushe sawasawa, na hata kile kidogo kinachotoka kinarudishwa barabarani, maana kati ya kitufe na nyumba umeweka ukuta wa chuma. Mita 300 za kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Nyumba zetu zina geti la bati zima kutoka juu hadi chini, ukuta wa tofali wenye nguzo za nondo, na grili kila dirisha.

Na ile taa ya buluu iliyomdanganya shangazi? Inasema betri ina umeme wa kuwasha taa, basi. Haisemi kwamba ndani wamesikia.

Kama unayo tayari na inakusumbua, usikimbilie kubadilisha betri. Shika kitufe mkononi, simama nje ya geti lililofungwa, kiweke mbali na chuma, bonyeza. Kisha kigandamize kwenye geti, bonyeza tena. Ikilia mara ya kwanza na kunyamaza mara ya pili, mgonjwa umeshamjua. Ikinyamaza mara zote mbili, sogea nacho hadi mlangoni pa nyumba. Hapo ikilia, tatizo ni umbali na kuta: hamishia kengele ya ndani kwenye soketi iliyo upande wa geti, isikae nyuma ya friji. Isipolia hata hapo, ndipo ubadilishe betri, halafu uviunganishe upya vipande viwili kama karatasi yake inavyoelekeza.

Niliporudi Kariakoo kununua nyingine, nilibeba sinia la bati. Duka la kwanza walikuwa waungwana: wakaichomeka kengele mwisho wa duka, mimi nikatoka barazani, nikawa nakibana kila kitufe kwenye sinia na kubonyeza. Nilijaribu kengele nne. Mbili zilinyamaza kabisa. Ya tatu ililia mara moja katika mara tatu. Ya nne, ambayo kitufe chake kina mgongo mnene unaoiweka antena mbali kidogo na bati, ililia kila nilipobonyeza. Duka la pili waliniambia, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Na kwenye risiti zao kuna muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa mteja atajuaje?

Ya kwanza kwangu: ding-dong ya waya

Sifichi, hii ndiyo ninayoipenda, na chapa ninayoipenda ni Friedland ya Uingereza, ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya Honeywell. Ukiikuta yenye jina lolote kati ya hayo mawili, na ni halisi, chukua. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba na kijiti cha chuma kinachocheza katikati. Ukibonyeza, koili inageuka sumaku, inakivuta kijiti, kinagonga kibao cha kwanza: ding. Ukiachia, springi inakirudisha, kinagonga cha pili: dong. Kugonga kengele kwa sumaku ya umeme ni kazi aliyoifanya mwanasayansi Joseph Henry kule Albany, Marekani, mwaka 1831, na mpaka leo hakuna cha kuunganisha upya wala cha kusahau umeme ukikatika. Na waya haujali geti ni la chuma au la mbao.

Inataka transfoma ndogo ya kengele inayoshusha umeme wa 230 hadi volti 8 au 12, soma kilichoandikwa nyuma yake. Hapa nawasihi. Wapo mafundi wanaovuta umeme wa 230 moja kwa moja hadi kwenye swichi ya getini ili kuokoa bei ya transfoma. Swichi ile inanyeshewa, na mtoto wa jirani anaibonyeza akiwa peku kwenye dimbwi. Kataa. Fundi akibisha, tafuta mwingine.

Ikiharibika, ujue inaharibikia kwenye swichi, hasa sisi tunaokaa karibu na bahari: chumvi inakula shaba, na sisimizi wanafanya makazi humo. Fungua swichi, na kama una hakika ni waya za transfoma, zigusanishe zile mbili. Ikilia, badilisha swichi tu. Ikitoa ding bila dong hata ukiachia, kijiti kimekwama kwa vumbi. Zima umeme, kitoe, kifute kwa kitambaa kikavu. Usipake mafuta, vumbi litaganda na utarudi palepale.

Ya pili: isiyo na waya, lakini kitufe kifungwe kwenye nguzo, si kwenye bati

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, hii ndiyo njia. Chagua yenye kitufe kinene, kinachotumia betri ya CR2032 inayopatikana kila mahali, na inayokubali kengele mbili za ndani, moja ya sebuleni na moja ya nyuma. Zipo zenye kitufe kisicho na betri kabisa: nguvu ya kidole ndiyo inayozalisha umeme wa kurusha wimbi. Nazipenda, ila nguvu hiyo ni ndogo, nazo zipitie kwenye sinia kama nyingine.

Ya tatu: ya kamera

Ring, ambayo Amazon waliinunua mwaka 2018, na nyingine za namna hiyo. Zinategemea Wi-Fi, na Wi-Fi nayo inagongana na geti lilelile. Ukiongeza ada ya kuhifadhi video na siku ambazo bando limekata, kwangu ni kamera nzuri, si kengele.

Za bei ya chini kabisa zinazotandazwa chini, zifungwe mlango wa chumbani kwa mgonjwa. Getini hapana.

Bei nazo zinaniuma. Kengele niliyouziwa 35,000, fundi wangu aliipata kwa 18,000 mtaa uleule, boksi lilelile, wiki ileile. Hakuna bei iliyobandikwa, kwa hiyo unauziwa kwa kutazamwa viatu. Mtume fundi, au ulizia maduka matatu kabla hujafungua pochi.

Ile yangu ya mwanzo sikuitupa. Nilikata kipande cha mguu wa kiti kilichovunjika, unene wa sentimita 4, nikakipigilia juu ya nguzo ya geti, kitufe nikakifunga juu ya mbao hiyo, kisiguse chuma popote. Inalia hadi leo, na ding-dong ikishavutiwa waya, ile nitaihamishia mlango wa nyuma.