Squid kwenye laini mbili za intaneti: inagawa vizuri, lakini haitambui laini iliyokatika

Wasimamizi wenzangu wa mitandao huniuliza mara kwa mara kama Squid, programu ya seva ya proksi (seva inayopokea maombi ya intaneti ya watumiaji na kuyapeleka nje kwa niaba yao), inaweza kugawa mzigo wa watumiaji kwenye laini mbili za intaneti. Inaweza, na kazi hiyo inaifanya vizuri, mradi msimamizi aelewe kazi ya Squid inaishia wapi na ya mfumo endeshi inaanzia wapi.

Amri yenyewe ni tcp_outgoing_address. Kwa amri hiyo Squid huchagua anwani ya IP ya kutokea, lakini haichagui njia. Njia huchaguliwa na Linux, kwa hiyo usipoandika ip rule (kanuni ya Linux ya kuchagua njia) ya kupeleka kila anwani kwenye jedwali lake la njia, pakiti zote, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zitaendelea kupita laini moja huku baadhi zikibeba anwani ya laini nyingine, na mtoa huduma aliye makini huzitupa. Wengi hukwama hapa, kisha wakailaumu proksi bure.

Tangu toleo la 3.2 ipo pia kanuni ya random, ambayo hugawa maombi kwa bahati nasibu, tuseme nusu kwa nusu. Siipendekezi hata kidogo. Ukurasa mmoja hufungua miunganisho kadhaa, na tovuti yenye ulinzi mkali, kama ya benki, ikimwona mteja yuleyule akitokea anwani mbili ndani ya dakika moja, huweza kumtoa kwenye akaunti. Nilipoijaribu, malalamiko yalianza asubuhi ileile. Nilipogawa kwa anwani za kompyuta, kila mtumiaji akabaki na laini yake, yakakoma. Nilizima pia server_persistent_connections, mpangilio unaoiruhusu Squid kutumia tena miunganisho iliyokwisha kufunguliwa kwenda kwenye tovuti, kwa sababu bila hivyo ombi la mtumiaji mmoja huweza kupita kwenye muunganisho uliofunguliwa kwa ajili ya mwingine.

Mgawanyo huu hauongezi kasi ya kupakua faili moja. Faida yake huonekana watumiaji wanapokuwa wengi.

Upungufu unaonisumbua ni kwamba tcp_outgoing_address haichunguzi uhai wa laini. Laini ikikatika, waliopangiwa laini hiyo hubaki wakitazama ukurasa usiofunguka. Ilinibidi niandike skripti ya kupiga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama upande wa pili unajibu) kupitia kila laini na kubadilisha jedwali la njia inapokosa jibu. Mwanzoni niliielekeza kwenye modemu, nayo ikawa inajibu vizuri kabisa wakati intaneti imekatika mbele yake. Sasa inapiga ping kwenye seva mbili zilizo nje ya mtandao wa mtoa huduma.